Punje ya Mchele: Dawa ya Meno Yenye Floraidi kwa Mtoto Mdogo

Mzazi akituuliza kuhusu meno ya mtoto mdogo, swali lake la kwanza huwa ni la mswaki: anunue upi, uwe laini kiasi gani, uwe na picha gani ili mtoto aupende. Sisi huomba kwanza kuiona tyubu ya dawa ya meno. Mswaki wowote wenye kichwa kidogo na nyuzi laini utatosha. Kinachokosewa ni dawa, tena kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoiogopa floraidi, madini yanayolikinga jino lisitoboke, hadi wananunua dawa isiyo nayo kabisa, na wapo wanaomkamulia mtoto wa miaka miwili mstari mzima kutoka ncha moja ya mswaki hadi nyingine. Wa kwanza anasugua bila kuacha kinga mdomoni. Wa pili anamlisha mtoto kitu kisicho chakula, kila siku, mara mbili. Baada ya kuchungulia vinywa vingi vya watoto, msimamo wetu ni huu: dawa iwe na nguvu kamili, iwe kidogo mno, na mkono unaosugua uwe wa mtu mzima.

Tuanze na nguvu. Floraidi ndani ya dawa ya meno hupimwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, na hesabu yake ni nyepesi: ppm 1000 ni miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu 1 ya dawa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, na kiwango kilichotajwa ni kati ya ppm 1000 na 1500. Dawa ya chini ya 1000 haiaminiki kwa kinga, hata ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya watoto. Katuni iliyo kwenye boksi haikuambii chochote kuhusu kilichomo. Geuza boksi, usome nyuma.

Huko nyuma tafuta neno Fluoride. Mara nyingi utakuta Sodium Fluoride au Sodium Monofluorophosphate, mara chache Stannous Fluoride. Zote tatu zinafanya kazi. Panapowachanganya watu ni kwenye asilimia. Baadhi ya maboksi hayaandiki ppm, yanaandika asilimia ya kiambato, na asilimia hizo huwezi kuzilinganisha hivi hivi kwa sababu kila kiambato kina floraidi ya kiasi chake. Sodium Fluoride ya asilimia 0.22 ni karibu ppm 1000, na ya asilimia 0.32 ni ppm 1450. Sodium Monofluorophosphate inabidi ifike asilimia 0.76 ndipo itoe ppm 1000. Mtu akiweka tyubu ya 0.32 kando ya ile ya 0.76 bila kusoma jina la kiambato, ataichukua ya kwanza akidhani ndiyo nyepesi, kumbe ndiyo kali. Tazama pia tarehe ya mwisho wa matumizi, maana dawa ikikaa sana sehemu ya floraidi yake hushikamana na viambato vingine na haifanyi tena kazi. Na ukiona dawa ya mkaa au ya mitishamba, soma kwa makini zaidi, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hazina floraidi hata chembe.

Nyumba yenye tyubu moja tu ya ppm 1450 haina haja ya kuhangaika kutafuta nyingine kwa ajili ya mtoto, mradi kipimo kifuatwe. Shida ya tyubu ya wakubwa huwa ni ukali wa mnanaa. Ulimi wa mtoto huuhisi kama pilipili, na akisema inawasha tumwamini. Mtafutieni yenye ladha ya upole, ila isiwe tamu kiasi cha kumfanya aitamani kama peremende, kwa sababu mtoto anayeipenda mno dawa ataifuata tyubu yenyewe ilipo.

Sasa kipimo, na hapa tunaomba mzazi asikadirie kwa mbali. Tangu jino la kwanza linapochomoza, ambalo kwa watoto wengi ni karibu na miezi 6, hadi anapotimiza miaka 3, dawa iwe ukubwa wa punje moja ya mchele. Hiyo ni takriban gramu 0.1, na kwa dawa ya ppm 1000 ina floraidi ya miligramu 0.1. Kuanzia miaka 3 hadi 6, iwe ukubwa wa punje ya njegere, takriban gramu 0.25, sawa na miligramu 0.25 za floraidi. Mstari unaojaza kichwa cha mswaki wa mtu mzima una gramu 1 au zaidi. Kwa dawa ya ppm 1450 hiyo ni karibu miligramu 1.5 kwa mkamuo mmoja. Yaani mtoto wa mwaka na nusu aliyekamuliwa mstari kamili amewekewa mdomoni floraidi mara 15 ya ile anayostahili.

Wazazi wenye watoto wakubwa hukumbuka kuambiwa wasubiri mtoto afike miaka 2 kabla ya kuanza dawa yenye floraidi. Hawakukosea kusikia. Nchini Marekani ushauri ulikuwa hivyo hadi mwaka 2014, Chama cha Madaktari wa Meno cha huko kilipoubadilisha na kusema waanze na jino la kwanza, kwa kipimo cha punje ya mchele. Sababu ni kwamba meno yalikuwa yakitoboka wakati wa kusubiri.

Kuipata hiyo punje kunahitaji ustadi kidogo. Usivute tyubu kandokando ya nyuzi kama unavyojifanyia mwenyewe. Isimamishe wima, mdomo wa tyubu uguse nyuzi, bonyeza kidogo tu, kisha pangusa kwenye nyuzi. Dawa ikitoka nyingi, ifute kwa kidole kabla mtoto hajaiona. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulipita: ishindilie ile punje ndani ya nyuzi kwa ncha ya kidole safi. Dawa iliyokaa juu juu humalizwa kwenye mguso wa kwanza. Mtoto hufumba midomo, anainyonya yote, anameza, na dakika inayofuata unasugua kwa nyuzi tupu ukidhani kinga inaendelea. Iliyoshindiliwa hutoka polepole na kuenea meno yote. Mswaki pia usiuloweshe sana. Maji mengi huleta povu jingi, na povu likijaa mtoto huona amekwishamaliza au hupatwa na kichefuchefu.

Kwa nini kidogo kiasi hicho? Kwa sababu wakati meno ya utotoni yanaonekana mdomoni, meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya. Floraidi inayomezwa kwa wingi, siku baada ya siku, huvuruga ujenzi wa tabaka gumu la nje, na meno hayo yatakapoota yatakuwa na mistari au mabaka meupe. Ikizidi sana, ya kahawia yenye vishimo. Meno ya mbele ya juu, ambayo kila mtu atayaona, huwa katika hatari zaidi katika miaka 3 ya mwanzo, na hatari kwa meno mengine huendelea hadi karibu miaka 8. Mtoto aliyemeza punje yake ya mchele leo hajadhurika. Kiasi hicho kiliwekwa kidogo hivyo tukijua fika kwamba mtoto wa miezi 10 hajui kutema na ataimeza.

Mahali ambapo maji ya kunywa yana floraidi nyingi kiasili, mzazi huwa na haki ya kuuliza kama dawa isizidishe tatizo. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Lita moja ya maji yaliyofika kiwango hicho ina floraidi mara 15 ya punje ya mchele ya ppm 1000, kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwenye kikombe, na hapo ndipo pa kuanzia: tafuteni maji mengine ya kunywa na kupikia kwa mtoto. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea zaidi. Vidonge au matone ya floraidi katika sehemu kama hizo visitumiwe.

Kula tyubu ni jambo jingine kabisa. Kiwango kinachotia wasiwasi wa sumu ni miligramu 5 za floraidi kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 10 hufikia hapo kwa miligramu 50, ambazo ni gramu 50 za dawa ya ppm 1000, au gramu 34 za ppm 1450, yaani theluthi moja ya tyubu ya gramu 100. Akiwa amelamba kidogo na tumbo likamsumbua, mpe maziwa. Kalsiamu iliyomo huishika floraidi. Akiwa amekula kiasi kikubwa, au hujui ni kiasi gani, mpe maziwa na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo pamoja na tyubu yenyewe ili wahudumu wasome namba. Na tyubu ikae juu, mahali asipofika hata akipanda kiti.

Tukirudi mdomoni. Vijidudu vilivyo kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikishusha pH, kipimo cha uasidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, chini ya takriban 5.5, madini huanza kutoka kwenye jino. Mate yakiituliza, madini hurudi. Floraidi iliyobaki kwenye mate na ukoga huharakisha kule kurudi, na madini yanayorudi pamoja nayo huistahimili asidi kuliko ya awali. Ukielewa hilo, mambo mawili yanajieleza. La kwanza, mtoto asisukutue kwa maji baada ya mswaki. Ateme povu, basi. Kikombe cha maji baada ya mswaki huosha kile tulichokuwa tunakiweka, na tunajua ni tabia ngumu kuiacha kwa sababu wakubwa wengi walifundishwa kusukutua hadi mdomo uwe mweupe. Kwa asiyejua kutema, mwinamishe kidogo mbele na umpanguse mdomo kwa kitambaa safi. La pili, mswaki wa usiku ndio usiokosekana hata siku moja. Usingizini mate hupungua sana, kwa hiyo meno hubaki bila mtetezi zaidi ya floraidi uliyoiacha. Mswaki mwingine uwe wakati wowote wa mchana mnaoumudu, ila mzuri ni asubuhi.

Mswaki wa usiku huharibiwa na kile kinachofuata baadaye. Chupa ya maziwa au juisi kitandani. Sirapu ya kikohozi yenye sukari anayopewa mtoto akiwa nusu usingizini. Biskuti ya kumnyamazisha. Sirapu itangulie, mswaki ufuate, na baada ya mswaki kiwe maji matupu. Mtoto akitapika, usikimbilie mswaki. Mpe maji anywe au asukutue, usubiri kama nusu saa, kwa kuwa asidi ya tumboni huwa imelainisha uso wa jino.

Mkao ni nusu ya kazi. Kwa aliye chini ya miaka 3, bora tuliyoiona ni kumlaza: mtu mzima akae kitandani au sakafuni, mtoto alale chali kichwa kikiwa mapajani mwake. Mwanga unaingia mdomoni, kichwa hakichezi, mikono yako yote miwili iko huru. Mkiwa wawili, kaeni mkitazamana magoti yakigusana. Mmoja ampakate mtoto, miguu yake ikimzunguka kiunoni, kisha amlaze taratibu hadi kichwa kitue mapajani mwa mwenzake. Aliyempakata anamshika mikono, na mtoto anauona uso wake wakati wote, jambo linalomtuliza. Aliyekua kidogo asimame mbele yako akikupa mgongo, kichwa akiegemeze tumboni au kifuani mwako. Kumsugua mkiwa mmetazamana ana kwa ana mkiwa mmesimama ndiyo njia ngumu kuliko zote. Kila ukisogea yeye anarudi nyuma, na meno ya juu huyaoni kabisa.

Mkono usioshika mswaki una kazi yake. Kidole cha shahada kipite kati ya shavu na fizi hadi nyuma, kilivute shavu nje, ndipo mswaki upate pa kupita. Kikibaki upande wa nje wa meno hakitang'atwa. Na kwenye meno ya mbele ya juu kuna kitu kidogo ambacho kimewaliza watoto wengi: kijinyama chembamba katikati, kinachoshikilia mdomo wa juu kwenye ufizi. Nyuzi zikikigonga kinauma sana. Mtoto huanza kufumba mdomo kila auonapo mswaki, na wazazi husema hapendi tu, ana kiburi. Inua mdomo wa juu kwa kidole, kisha kilaze kidole hicho hicho juu ya kijinyama ili kukikinga, usugue upande mmoja hadi karibu na katikati, halafu upande wa pili. Tumeona vita vya miezi vikiisha kwa hilo peke yake.

Nyuzi zikae mshazari, nusu juu ya jino na nusu kwenye ufizi, kwa sababu ukoga hujificha pale jino linapokutana na ufizi. Zungusha vijiduara vidogo bila kukandamiza. Kwenye meno ya kutafunia, mbele na nyuma. Anza na sehemu zinazosahaulika, yaani upande wa nje wa magego ya juu na upande wa ndani wa yale ya chini, wakati mtoto bado ana subira. Malizia meno ya mbele. Dakika 2 ni za mdomo uliojaa meno. Mwenye meno manne hazihitaji zote. Magego yakishaanza kugusana, mswaki haupiti katikati yake, na hapo uzi wa meno mara moja kwa siku ndio pekee unaofika.

Akikataa kabisa, punguza muda, usipunguze siku. Sekunde 20 za kusugua magego kwa dawa yenye floraidi, halafu umwachie, zina faida kuliko kuruka usiku mzima. Mpe mswaki wa pili aushike mwenyewe, usio na dawa. Msisubiri awe hoi kwa usingizi. Mara baada ya chakula cha mwisho inatosha. Mswaki ubadilishwe kila miezi 3, au mapema zaidi nyuzi zikitawanyika, na watoto wanaotafuna mswaki huutawanya haraka. Kila mmoja na wake.

Mara moja kwa mwezi, inua mdomo wa juu ukiwa kwenye mwanga mzuri, pangusa meno yakauke, utazame mstari wa ufizi. Utando mweupe usio na mng'ao, kama chaki, ni dalili ya kwanza ya jino linalopoteza madini. Wengi hudhani ni mabaki ya maziwa. Ukipangusa na hautoki, bado unaweza kurudishwa nyuma kwa floraidi na kwa kuacha chupa ya usiku, na daktari wa meno anaweza kupaka vanishi ya floraidi. Ukigeuka kahawia na kuwa laini, dawa ya meno pekee haitoshi tena. Meno ya utotoni yana tabaka jembamba, na tundu huingia haraka kuliko wazazi wanavyotarajia. Ndiyo maana tunasisitiza mtoto amwone daktari wa meno kabla ya kutimiza mwaka 1, hata kama hakuna kinachomuuma.

Kuhusu lini mtoto ajisugue mwenyewe, tunalo jibu lisilopendwa: akiwa na miaka 7 au 8. Kabla ya hapo vidole vyake havina ustadi wa kuuzungusha mswaki nyuma ya gego. Aanze yeye kama anapenda, amalize mtu mzima. Tyubu ibaki kwako muda wote huo. Kutema kunafundishika mapema zaidi, kwa kucheza: maji kidogo mdomoni, ayateme kwenye beseni, arudie. Dawa ya kusukutua yenye floraidi isimfikie aliye chini ya miaka 6, kwa kuwa ataimeza.

Karibu na miaka 6 zingatia nyuma kabisa ya mdomo. Gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego yote ya utotoni, na kwa kuwa hakuna jino linaloling'okea nafasi, wazazi wengi hudhani ni la utotoni na litang'oka. Halitang'oka. Huchukua zaidi ya mwaka kufikia kimo cha wenzake, na katika kipindi hicho mswaki unaopita juu ya mstari wa meno hauligusi, chakula kinakaa kwenye mifereji yake. Ingiza mswaki kwa ubavu, kutoka pembeni mwa shavu, ncha ya nyuzi ishuke juu ya gego hilo peke yake, usugue kwa kuukata mstari wa meno. Akiwa anatema vizuri, huu ndio wakati wa kuhamia dawa ya ppm 1450 kama alikuwa kwenye 1000, na kumuuliza daktari kama mifereji ya gego hilo inafaa kuzibwa.